Vishikio vya Joto kwa Pikipiki ya Kazi: Namna ya Kuchagua na Kufunga

Mkono wa kulia wa mwendesha pikipiki hubeba mafuta na breki ya mbele. Wa kushoto hubeba klachi na swichi za taa. Vidole vikifa ganzi, vyote hivyo huchelewa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata zaidi ya mita 16 kila sekunde, kwa hiyo nusu sekunde inayopotea kabla ya kubana breki ni mita 8 za barabara. Anayeendesha kwa ajili ya kazi hukutana na hali hiyo kila alfajiri, tena mara nyingi akiwa na abiria au mzigo. Mikono yenye joto ni sehemu ya usalama wake, kama zilivyo tairi na kofia ngumu.

Afrika Mashariki haizungumzwi sana kama eneo la baridi, lakini miezi ya Juni hadi Agosti wakusanyaji wa maziwa wa Kinangop na Limuru, maafisa ugani wa Njombe na madereva wa bodaboda wa Makete, ambako sakitu huonekana mashambani, wanajua ukweli wa mambo. Mwendo wenyewe huongeza baridi. Kwa kanuni iliyoanza kutumiwa na idara za hali ya hewa za Marekani na Kanada mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10 za Selsiasi ikimpiga mtu kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 5, na hewa ya nyuzi 5 huhisiwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ngozi ya uso iliyo wazi. Mkono uliofungwa kwenye usukani bila kusogea, ndani ya glavu iliyolowa umande, hauna nafuu kubwa kuliko uso.

Vishikio vya joto, ambavyo mafundi wengi huviita gripu za moto, ni vishikio vya usukani vilivyopachikwa waya au utando unaopata joto umeme unapopita. Huuzwa kama spea ya kuongeza kwenye pikipiki ambayo haikutoka nayo kiwandani. Wanunuzi wengi huanza na duka: bei, rangi, picha kwenye boksi. Mahali sahihi pa kuanzia ni magneto ya pikipiki yenyewe, kwa sababu kishikio kizuri kilichofungwa kwenye pikipiki isiyo na umeme wa ziada kitamwacha mwenyewe njiani akiwa na betri iliyokufa, na baridi ikiwa palepale.

Hesabu ya umeme

Seti ya vishikio vya volti 12 ikiwashwa kwa kiwango cha juu kwa kawaida hula kati ya ampea 2.5 na 4, yaani takribani wati 30 hadi 50 kwa vishikio vyote viwili. Pikipiki nyingi za kazi zenye injini ya cc 100 hadi 150 zina taa ya mbele ya wati 35. Maana yake ni kwamba mzigo unaoongezwa unalingana na taa ya mbele au unaizidi, kwenye mfumo ambao mtengenezaji aliupimia taa hiyo moja, taa ya nyuma, indiketa, honi na cheche ya plagi. Pikipiki kubwa za utalii zina altaneta ya wati mia kadhaa na hazihisi ongezeko hilo. Pikipiki ndogo huhisi.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatalitaja. Katika baadhi ya pikipiki ndogo, hasa za miundo ya zamani, taa ya mbele haipati umeme kutoka kwenye betri. Hupewa umeme geu moja kwa moja na koili ya magneto, na betri huchajiwa na sehemu ndogo tu ya umeme huo. Dalili yake inajulikana: taa haiwaki injini ikiwa imezimwa, hung'aa injini inapopandishwa na kufifia inaposhushwa. Kwenye mfumo wa namna hii, vishikio vinavyounganishwa kwenye betri hunyonya kutoka kwenye chanzo chembamba sana. Betri ya ampea-saa 5 ikitolewa ampea 4 bila kuchajiwa haifiki saa moja na robo, na kabla ya hapo itakuwa imeshashindwa kuzungusha stata. Mwenye kiki ataondoka kwa kupiga kiki. Asiye nayo atasukuma.

Jaribio la kujua ukweli halihitaji zaidi ya multimita na balbu ya taa ya mbele ya volti 12 yenye wati zinazokaribiana na za vishikio vinavyofikiriwa. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, betri nzima husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Injini ikiwashwa na kupandishwa hadi mzunguko wa kawaida wa safari, taa zote zikiwa zinawaka, usomaji unatakiwa uwe kati ya 13.5 na 14.5. Hapo ndipo balbu ya majaribio huunganishwa kwenye betri kupitia fyuzi na kuachwa dakika 10. Volti zikibaki juu ya 13.2, magneto ina akiba ya kutosha. Zikishuka hadi 12.7 au chini yake, betri ndiyo inayolisha balbu, na ndiyo itakayolisha vishikio. Jaribio hurudiwa injini ikiwa imeshushwa kabisa, kwa sababu dereva anayesubiri abiria huku injini inanguruma, au anayesambaza mizigo kwa safari fupi fupi na kuwasha stata mara nyingi kwa siku, hutumia muda mrefu katika hali hiyo kuliko anavyodhani.

Matokeo ya jaribio yaheshimiwe. Kwa pikipiki ambayo volti zake zinaanguka, ushauri wa kitaalamu ni kutonunua vishikio vya joto hata kama fedha ipo. Glavu nzuri zisizopitisha upepo, vikinga mikono vya plastiki, au mifuko ya turubai inayofungwa juu ya usukani huzuia sehemu kubwa ya baridi bila kula hata wati moja. Mifuko hiyo iwe na umbo gumu linalouacha mkono uingie na kutoka mara moja, na isiegemee mpini wa breki: mpini unaosukumwa na turubai huacha taa ya breki ikiwaka wakati wote, na dereva wa nyuma hupoteza onyo analolitegemea. Kwa kweli hata mwenye umeme wa kutosha hufanya vyema kuanza na vikinga. Vishikio hupasha kiganja, lakini upepo hupiga mgongo wa mkono.

Pikipiki za umeme, ambazo sasa ni za kawaida Kigali na Nairobi, zina hesabu yake. Vishikio vya wati 40 vikiwaka saa nzima hutumia wati-saa 40, kiasi kidogo mbele ya betri yenye kilowati-saa mbili au tatu. Kikomo kiko kwenye kifaa kinachoshusha umeme wa betri kuu hadi volti 12, ambacho hupimiwa taa na honi tu. Kuunganisha vishikio vya volti 12 moja kwa moja kwenye betri kuu ya volti 48, 60 au 72 ni hatari ya moto, na pale ambapo betri ni ya kubadilishana kituoni, ni kuingilia mali ya mtu mwingine.

Aina na vipimo

Aina zinazopatikana ni tatu. Ya kwanza ni kishikio kamili kinachochukua nafasi ya kile cha zamani. Ya pili ni utando wa joto unaobandikwa chini ya kishikio kilichopo. Ya tatu ni mkanda unaozungushwa juu ya kishikio na kufungwa kwa nyuzi au gundi ya kunasa. Mkanda hufungwa kwa dakika chache na kuondolewa msimu ukiisha, jambo linalowavutia wanaoendesha pikipiki isiyo yao, lakini huongeza unene na unaweza kuteleza. Kitu chochote kinachoweza kuteleza juu ya kishikio cha mafuta hakifai kwa kazi ya kila siku. Utando ni wa bei nafuu na hauonekani, ila una kasoro inayowashangaza wengi: upande wa kushoto hupoa. Kishikio cha kulia hukaa juu ya bomba la plastiki la mafuta, ambalo huzuia joto lisipotee. Cha kushoto hukaa juu ya chuma cha usukani, na chuma hunyonya joto. Watengenezaji makini huupa upande wa kushoto wati zaidi au huweka tabaka la kuzuia joto. Mnunuzi aulize, na fundi asiyejua tofauti hiyo apewe kazi nyingine.

Kwa pikipiki ya kazi, kishikio kamili ndicho chaguo la busara. Vipimo vyake vihakikiwe kabla ya kulipa. Usukani wa pikipiki nyingi una kipenyo cha milimita 22. Baadhi ya pikipiki za mtindo wa Harley-Davidson zina milimita 25.4, na seti moja haiwezi kutumika kwenye nyingine. Tundu la kishikio cha kulia ni pana kuliko la kushoto kwa sababu ya lile bomba la mafuta, kwa hiyo seti yenye vishikio viwili vinavyolingana tundu ni ya baiskeli au ni bandia. Urefu hupimwa kuanzia kwenye nyumba ya swichi hadi mwisho wa usukani. Kishikio kirefu kupita kiasi kitasugua nyumba ya swichi, na kifupi kitaacha pengo ambalo mkono hulitafuta gizani. Unene nao una maana: vishikio vya joto huwa vinene kidogo, na mwenye mikono midogo huchoka misuli ya kiganja baada ya saa kadhaa na kuufikia mpini wa breki kwa shida.

Swichi ya kudhibiti joto inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mpira wenyewe. Zilizo rahisi zina viwango viwili tu, juu na chini, na kiwango cha chini hupatikana kwa kupoteza sehemu ya umeme kwenye kizuizi ambacho nacho hupata joto. Zilizo bora hukata na kurudisha umeme haraka haraka, hutoa viwango vinne au vitano na hazipotezi kitu. Baadhi pia husoma volti za betri na kujizima zikikaribia 11.5. Kinga hiyo ni nzuri, lakini haiongezi umeme ambao magneto haikuzalisha. Swichi iwe imezibwa dhidi ya maji, vibonye vyake viweze kubanwa kwa kidole chenye glavu, na ifungwe mahali ambapo jicho halilazimiki kuacha barabara.

Boksi lisiloandika ampea au wati zinazotumika lirudishwe kwenye rafu. Muuzaji asiyeweza kutaja kiasi cha umeme kinachotumika hajui anachouza, au anakijua na anakificha. Risiti yenye jina la bidhaa na tarehe ni ya lazima. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 humpa mnunuzi mahali pa kusimamia, lakini madai yasiyo na risiti hayafiki mbali.

Ufungaji

Kishikio cha kulia ni sehemu ya mfumo wa mafuta, na kazi ya kukibadilisha ipewe uzito uleule unaopewa breki. Kosa linaloua ni kishikio kinachokataa kurudi. Husababishwa na mambo matatu: gundi iliyovuja kati ya kishikio na nyumba ya mafuta, kishikio kilichosukumwa hadi kugusa nyumba hiyo, na waya uliokosa ulegevu unaovutana na mkono. Kwa hiyo vishikio huvalishwa kwanza vikavu, bila gundi. Mahali waya unapotokea hugeuzwa hadi ipatikane pembe ambayo waya hauligusi tangi la mafuta ya breki wala mpini, mafuta yakiwa yamefungwa na yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho. Alama huwekwa kwa kalamu. Ndipo gundi hupakwa, na kishikio husukumwa kwa tendo moja hadi kwenye alama, pakiachwa nafasi ya milimita moja au mbili kabla ya nyumba ya mafuta. Gundi ya aina ya supaglu hushika kwa sekunde, na kishikio kilichoshika vibaya hutoka kwa kukatwa tu. Bomba la plastiki lenye matuta hulainishwa kwa msasa kwanza. Kulazimisha kishikio juu ya matuta hukata waya wa joto uliomo ndani.

Kabla pikipiki haijatoka gereji, mafuta hufunguliwa hadi mwisho na kuachiwa, usukani ukiwa katikati, kushoto kabisa na kulia kabisa. Lazima kishikio kirudi chenyewe mara zote tatu. Kisha injini huwashwa na kuachwa ishuke, na usukani huzungushwa pande zote mbili. Mlio wa injini ukipanda, kuna waya au kebo inayovutwa, na kazi haijaisha. Fundi anayekerwa na mteja anayesimamia jaribio hili anajieleza mwenyewe.

Upande wa umeme, waya chanya hutoka kwenye betri kupitia fyuzi iliyowekwa karibu na betri iwezekanavyo. Fyuzi ya ampea 5 inatosha seti nyingi. Maelekezo ya mtengenezaji yakisema vingine, yafuatwe. Waya wa milimita za mraba 0.75 hadi 1 hubeba mzigo huo bila kupata joto. Mkondo wenyewe upitie kwenye rilei, na rilei iamriwe na waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Njia hiyo huzuia vishikio kubaki vinawaka pikipiki ikiwa imeegeshwa, na huiepusha swichi ya funguo na mzigo ambao haikutengenezewa. Kuchubua waya wa kiwandani, kuuzungushia mwingine na kufunga tepu ni mtindo wa gereji nyingi za barabarani. Hufanya kazi hadi mvua ya kwanza ya masika. Viungio vya kubana vyenye mpira wa kuzuia maji si ghali kiasi cha kuhalalisha mtindo huo.

Afya ya mikono

Joto nalo lina madhara yake. Ngozi huweza kuungua kwa joto la nyuzi 44 tu ikigusana nalo kwa saa nyingi, na mwathirika asihisi maumivu mapema. Mtu mwenye kisukari kilichopunguza hisi za mikono, au anayetumia dawa zinazofifisha hisi, apate ushauri wa daktari kabla ya kuendesha siku nzima vishikio vikiwa kwenye kiwango cha juu. Kwa wote, kiwango cha juu ni cha dakika za kwanza. Mikono ikishapata joto, kiwango hushushwa. Glavu nene sana kwenye kiganja huzuia joto la kishikio lisifike, hivyo glavu inayofaa ni nyembamba kiganjani na nene mgongoni. Anayeona vidole vikigeuka vyeupe na kufa ganzi hata siku isiyo na baridi kali asikimbilie kununua kifaa. Dalili hiyo inaweza kutokana na mtetemo wa muda mrefu au ugonjwa wa mishipa ya damu, na vishikio vya joto vitaificha tu.

Haki na wajibu

Madereva wengi huendesha pikipiki ambayo bado si yao. Wapo wa mkataba, wanaolipa kwa wiki hadi pikipiki iwe yao, wapo wanaopeleka hesabu kila jioni, na wapo waliokopeshwa na kampuni ambayo imefunga kifaa cha kufuatilia kwenye nyaya. Katika hali zote hizo, kugusa mfumo wa umeme bila idhini ya maandishi ni kujitafutia mgogoro. Kifaa cha kufuatilia kikizimika kwa bahati mbaya siku ya ufungaji, mkopeshaji atasoma jambo hilo kama jaribio la wizi. Barua fupi inayotaja kifaa, fundi na tarehe, iliyosainiwa na mwenye pikipiki, humlinda dereva. Ieleze pia nani anamiliki vishikio mkataba ukivunjika. Pikipiki iliyo ndani ya dhamana ya muuzaji ipelekwe kwa fundi aliyeidhinishwa, au muuzaji aulizwe kwanza.

Kwa mwajiri mwenye pikipiki za ofisi, iwe hospitali, chama cha ushirika au halmashauri, baridi ya alfajiri ni hatari ya kazi kama nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007, humtaka mwajiri kutambua hatari na kuzipunguza. Hakuna kati ya hizo inayotaja vishikio vya joto, na mfanyakazi hapaswi kudai kana kwamba zinavitaja. Anachoweza kudai ni tathmini ya hatari, na katika tathmini hiyo glavu, vikinga na hata kubadilisha saa za kutoka vina nafasi kabla ya kifaa cha umeme. Ombi linaloambatana na matokeo ya jaribio la balbu na bei ya jumla, ikiwemo rilei, waya na kazi ya fundi, husikilizwa kwa haraka kuliko malalamiko ya mdomo.

Waswahili wanaosambaza vyakula na vifurushi kwa pikipiki katika miji ya Uingereza wana mazingira tofauti. Huko kifaa kinauzwa kila duka la pikipiki, na baridi ni ya miezi mingi. Bidhaa yenye kasoro inaweza kukataliwa na fedha kurudishwa ndani ya siku 30 kwa Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, na iliyonunuliwa mtandaoni ina siku 14 za kubatilisha ununuzi. Bima ndiyo inayosahauliwa. Kampuni za bima huuliza kuhusu mabadiliko ya pikipiki, na jibu la uzembe linaweza kupunguza au kufuta fidia siku ya ajali. Simu ya dakika tano kwa bima, jibu lake likihifadhiwa kwa barua pepe, hugharimu kidogo sana.

Vishikio vya zamani visitupwe. Vikikatwa wakati wa kutolewa, vinunuliwe vipya vya aina ileile na kuwekwa pamoja na risiti na mchoro wa nyaya uliochorwa na fundi. Pikipiki inaporudishwa kwa mwenyewe au kuuzwa, anayeipokea anastahili kuirudisha katika hali ya kiwandani bila kubahatisha ni waya upi unaelekea wapi.